Avalon Blues ya Mississippi John Hurt: sidii ya kununua ukipiga gita kavu

Vijana ninaowafundisha gita wakitaka kuijua blues, muziki wa Wamarekani weusi, hutarajia niwatajie watu wa gita la umeme na sauti za kunguruma. Mimi huwapa Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gita kavu wa Marekani. Tena si rekodi zake zozote tu, bali sidii hii ya Avalon Blues iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1996, yenye nyimbo 13 alizorekodi 1928 kwa kampuni ya Okeh.

Nianze na mkwaruzo, maana ndio unaowakimbiza wengi. Nyimbo hizi zimetolewa kwenye santuri za kale, zile za mizunguko 78 kwa dakika, na kelele ya sindano haikuondoka yote. Ukisikiliza kwa spika ya simu utasema kuna mtu anakaanga kitu. Vaa visikizi vya masikioni, na ikifika wimbo wa pili utakuwa umeshaisahau kelele. Sauti ya Hurt yenyewe imetoka wazi: nyororo, ya chini, kama ya mtu anayeimba barazani na hataki kumwamsha mtoto.

Sasa tuje kwenye vidole. Gumba la kulia linapiga besi, juu na chini, juu na chini, halisimami tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyoimba, na mara nyingi vinaifuata sauti yake neno kwa neno. Kuna mahali anakata mstari katikati, anaacha gita limalizie maneno. Msikilize kwenye Candy Man Blues: mgeni angeapa kuna watu wawili wanapiga. Wimbo wa Frankie ndio unaonitoa jasho hadi leo. Amezitega nyuzi zitoe mlio wa G kwa pamoja bila hata kukandamizwa, kisha anakimbia kwa kasi ambayo kwenye rekodi zake za uzeeni huisikii tena. Mimi huupunguza mwendo kwa programu ya simu ili nipate kufuata gumba peke yake, na hata hapo linanichanganya.

Sisi tuliokua na nyimbo za Mwenda Jean Bosco hatupati shida kumwelewa mtu huyu. Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia gumba na kidole cha shahada, akaimba kwa Kiswahili, na gita lake moja likatosha kuchezesha watu. Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Lakini tamasha la muziki la Newport huko Marekani liliwapokea wote wawili, Hurt mwaka 1963 na Bosco mwaka 1969, na ukiwasikiliza kwa kufuatana huoni ajabu.

Hadithi ya Hurt imo ndani ya wimbo uliobeba jina la sidii. Alikuwa mkulima wa Avalon, kijiji kidogo cha jimbo la Mississippi. Willie Narmour, mpiga fidla Mzungu wa hukohuko, ndiye aliyemtaja kwa watu wa Okeh. Februari 1928 wakamrekodi Memphis, Desemba wakamwita New York. Hilo neno Mississippi mbele ya jina lake ni la kampuni, kwa ajili ya mauzo. Akiwa New York, mbali na kwao wakati wa Krismasi, akaimba kwamba Avalon ndiko nyumbani na hakumtoki akilini. Santuri hazikuuza sana, uchumi wa Marekani ukaanguka mwaka uliofuata, naye akarudi shambani. Miaka thelathini na mitano ikapita. Mwaka 1963 kijana aitwaye Tom Hoskins akaufuata wimbo ule, akatafuta Avalon kwenye ramani ya zamani, akaenda, akamkuta. Mzee alikuwa na miaka sabini hivi, anafanya kazi ya ng'ombe, na hana hata gita lake mwenyewe. Akaazimwa, akapiga. Baada ya hapo akapata miaka mitatu ya majukwaa na rekodi mpya, akafariki Novemba 1966. Nyumba yake iliyokuwa imegeuzwa makumbusho iliteketea mwaka 2024.

Mke wangu ana lalamiko lake: mbona bwana mpole hivi anaimba mauaji? Kweli, Frankie anampiga risasi mpenzi wake, Stack O' Lee anamuua Billy Lyons kwa sababu ya kofia, na Louis Collins naye anazikwa. Mimi naona Louis Collins ndio bora kuliko zote humu. Hapandishi sauti, halii, anataja tu kilio cha mama na kazi ya malaika, na gita linaendelea na mwendo uleule. Spike Driver Blues unakuja nyuma yake kidogo: mjenzi wa reli anairudisha nyundo kwa bosi na kuondoka zake. Big Leg Blues huwa nauruka.

Kasoro ni ufupi. Wimbo mmoja ni dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri haukubeba zaidi, na sidii nzima haifiki dakika 45. Ukiagiza kutoka nje, ushuru na usafirishaji unaweza kuzidi bei ya sidii yenyewe, na yangu ilifika kasha limepasuka. Kusikiliza tu, intaneti inatosha. Nilicholipia mimi ni kijitabu cha ndani.

Anayechukia mkwaruzo kabisa achukue Today! ya kampuni ya Vanguard, 1966. Sauti ni safi, mzee anapiga kwa utulivu, na anayeanza kujifunza atamfuata kwa urahisi zaidi. Kwa Frankie, rudi 1928.