Roboti ya kuchora ukutani niliyonunua mtandaoni: mashine naipenda, muuzaji simrudii

Nimekaa na hii roboti wiki tano ndo naandika, maana sikutaka kuandika nikiwa na hasira, na pia sikutaka kuandika siku ile imechora duara lake la kwanza vizuri, siku ile ningeipa nyota zote. Ni seti ya kujiunganishia mwenyewe nyumbani, nimelipa 185,000 pamoja na usafiri, mi niko Tabata na muuzaji yuko hapahapa Dar, ana ukurasa wenye picha nzuri mno na picha ndo zilinivuta.

Kwa asiyejua hiki ni kitu gani: mota mbili zinafungwa kwenye kona za juu za ubao, kila moja ina kigurudumu kilichozungushiwa uzi, nyuzi mbili zinashuka zinakutana kwenye kibebeo cha kalamu, basi, hamna reli wala mkono wa chuma. Uzi mmoja ukivutwa na mwingine ukaachiwa kalamu inasogea, alafu kuna mota ndogo ya tatu, hizi wanaita sevo, inainua kalamu iachane na karatasi pale ambapo haitakiwi kuchora. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili alikuja likizo, nikamwambia ubao wangu una sentimita 80 kati ya mota na mota, nataka kalamu iwe sentimita 30 kutoka mota ya kushoto na 40 kushuka chini, haya uzi wa kushoto uwe na urefu gani? Akanyamaza kidogo akasema, "Shangazi, si Pythagoras hii? Hamsini." Ni hamsini kweli, na wa kulia unakuja 64 na nukta kidogo, na kazi yote ya roboti ni hiyo hesabu tu inairudia maelfu ya mara. Mi nafundisha hesabu na fizikia miaka tisa sasa na sijawahi kuona mtoto anaielewa pembetatu kwa haraka namna ile, alisimama mwenyewe akachukua futi akapima uzi kuhakikisha. Kwa hilo peke yake hii mashine ina thamani kwangu.

Sasa kwenye tangazo muuzaji kaandika eti ni teknolojia mpya ya mwaka huu. Si kweli. Mwaka 2002 huko Uswisi Jürg Lehni na Uli Franke walitengeneza mashine wakaiita Hektor, mota mbili, mikanda miwili na kopo la rangi ya kupuliza, inaning'inia ukutani inachora, na zote hizi za kununua sasa hivi zinafuata wazo hilohilo. Na kuchora kwa kuiamuru mashine ni zamani zaidi, kuna mama mmoja Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kompyuta 1968, na kabla ya hapo kwa miaka kadhaa alikuwa anajiwekea kanuni kichwani anazifuata kwa mkono kama vile yeye ndo mashine, kisa tu hana kompyuta. Amefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 99. Mi nikimfikiria huyu mama naona aibu kulalamika kuhusu vifaa, lakini hela nimelipa na lazima niseme ilivyokuwa.

Tuanze na mzigo. Jumanne saa nne asubuhi niko darasani inaingia meseji, mzigo wako umepokelewa, asante. Umepokelewa na nani? Napiga namba yao naambiwa nisubiri mhudumu, muziki unalia dakika 14 alafu inakatika. Mchana nikapanda daladala mpaka ofisi yao, dada wa pale akaniambia upo kwa bodaboda, bodaboda nampigia ananiambia "dada mi nimeshaurudisha ofisini", na ofisini ndo nimesimama hapo. Siku mbili nzima. Alhamisi jioni naenda kununua mkate dukani kwa Mangi wa kona ananiambia, mwalimu una boksi lako hapa tangu juzi, kijana aliliacha akasema utapita. Mangi alikuwa ameliweka juu ya rafu mbali na mafuta ya taa, Mungu ambariki, lakini ile kampuni mpaka leo haijaniambia hata pole.

Kwenye boksi: bodi ya kuigiza Arduino Uno (hiyo ndo kakompyuta kadogo kanakoziamuru mota), mota mbili na bodi zake za kuziendeshea, sevo, vigurudumu viwili vya plastiki, kijirobota cha uzi, kebo ya USB, na karatasi moja yenye kodi ya QR eti ndo maelekezo. Niliiskani, ukurasa haupo. Nikamwandikia muuzaji WhatsApp akajibu "Dear customer asante kwa kuwasiliana nasi", ujumbe wa kujituma wenyewe, na ukajituma hivyohivyo kila nilipouliza, mara sita nimehesabu.

Jioni mbili za mwanzo zote zilikwenda kwenye kebo. Naichomeka bodi kwenye laptopu taa inawaka lakini laptopu haioni kitu. Nikasoma kwamba hizi bodi za bei nafuu nyingi zina chipu inayoitwa CH340 na kompyuta nyingine zinataka uiwekee kwanza draiva yake, yaani programu ya kuitambua, nikaweka, wapi. Nikaifuta nikaweka tena, wapi. Kumbe kebo waliyotia kwenye boksi ni ya kuchaji tu, ndani haina nyaya za kupitisha data, na kwa macho huwezi kujua kabisa, zote zinafanana. Dawa yake rahisi na naomba uishike: kabla hujagusa kitu chochote chukua hiyo kebo unganisha simu yako na kompyuta, kama simu haikuulizi habari ya kuhamisha mafaili basi kebo hiyo weka pembeni ibaki ya chaja. Nikabadilisha kebo, bodi ikaonekana hapohapo.

Alafu mota. Tangazo linasema NEMA 17, zile mota za chuma za mraba, nzito, upana milimita 42, ndo zinatumika kwenye printa za 3D. Nilichotumiwa ni 28BYJ-48, kale kamota ka duara kepesi kenye waya tano, bei yake haifiki nusu ya ile. Huo ni udanganyifu na sina neno jingine la kuuita. Hata hivyo nikajiambia ngoja niijaribu nione. Kana gia ndani zinazopunguza mwendo karibu mara 64, kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua 2048, kigurudumu changu kina kipenyo cha milimita 20, maana yake hatua moja inavuta uzi kama milimita 0.03, hiyo ni ndogo kuliko unene wa ncha ya kalamu yoyote niliyo nayo. Shida ni kasi. Nikiziendesha mizunguko 10 kwa dakika bila kuzilazimisha napata kama milimita 10 kwa sekunde, mchoro wenye mistari ya jumla ya mita 40 unakula zaidi ya saa moja. Na gia zina kulegea kidogo, mota ikigeuza mwelekeo kuna kachezo kadogo kabla uzi haujaanza kuvuta, kwenye mistari ya karibukaribu unakaona.

Na hapa nilipoteza usiku mwingine: mota inatetemeka tu, taa nne nyekundu za kwenye bodi yake zinafuatana vizuri ila haizunguki. Nikadhani imekufa. Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja kijana wa spea za elektroniki, akaitazama wala hakushika testa, akaniambia "dada mota nzima hii, kwenye programu pini zipange 1, 3, 2, 4, usiziandike 1, 2, 3, 4". Hakutaka hela. Nikarudi nyumbani nikageuza namba mbili, ikazunguka. Yaani sentensi moja ambayo ingeandikwa kwenye ile karatasi ya QR ingeniokolea nauli na usiku mzima.

Uzi nao. Walioweka ni wa cherehani, unavutika, mchoro unaanza vizuri ukifika chini mistari haikutani. Nikaenda kununua mshipi kwa wauza zana za uvuvi karibu na Feri, kwanza nikachukua ule wa nailoni mmoja unaong'aa, nao unavutika na unakumbuka kujiviringa, nikarudi nikachukua wa kusuka na huo ndo jibu. Kibebeo cha kalamu kilikuja chepesi mno, nyuzi zinalegea kinayumba kama kwenye upepo, nikakiongezea nati nane kubwa nilizopewa na fundi baiskeli na kikatulia. Duara langu la kwanza lilitoka kama yai kwa sababu nilipima umbali kutoka katikati ya mota hadi katikati ya mota, unatakiwa kupima pale uzi unapoachana na kigurudumu. Na usijaribu kuchora karibu na ukingo wa juu, pale nyuzi zinakuwa karibu zimelala, mota zinavutana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinaruka hatua, mi naacha sentimita 20 za juu wazi.

Umeme sasa, na hapa nimejikuta nashukuru kitu nilichokuwa nakilalamikia. Hizi mota hazina kumbukumbu ya mahali zilipo, zinahesabu hatua tu, umeme ukikatika katikati ya mchoro kila kitu kinapotea, hata ukirudi dakika moja baadaye roboti haijui kalamu iko wapi, unatoa karatasi unaanza upya. Kwetu wiki ile ulikatika mara tatu na mara ya pili nilikuwa nimebakiza kama dakika kumi, nilikaa gizani nikaona machozi yanataka kutoka. Lakini hako kamota kadogo kanatumia volti 5, na mbili kwa pamoja zinakula kama miliampea 400, hiyo ni pawabenki ya simu ya kawaida kabisa. Nikaunganisha pawabenki, laptopu iko na betri yake, tangu hapo umeme ukikata roboti haina habari, tunakaa gizani tunasikia inavyonguruma polepole ukutani na mtoto anaimulika kwa simu. Zile NEMA 17 zingenidai adapta ya volti 12 na zingezimika na nyumba nzima. Kwa hiyo kwa mazingira yangu mota niliyodanganyiwa imenifaa, ila muuzaji hakujua hilo wala hakunichagulia, yeye alinipa cha bei ndogo akachukua bei ya kikubwa.

Kazi niliyoifurahia kuliko zote ni khanga. Nilitaka kumchorea mama karatasi kubwa yenye pindo, korosho pande nne na jina chini, WEMA HAUOZI. Pindo na korosho zilikwenda vizuri, jina ndo likasumbua, maana herufi za kawaida za kompyuta ni maumbo yana mzingo, roboti inauzunguka mzingo na kila herufi inatoka na mistari miwili, katikati tupu. Zinatakiwa herufi za mstari mmoja, na zipo, bwana Hershey alizitengeneza Marekani 1967 kwenye maabara ya jeshi la majini, na programu ya Inkscape ya bure inazo, nenda kwenye Ekstensheni utafute Hershey Text. Mchoro mzima saa mbili na robo, kalamu mbili, moja ilikauka njiani kwa hiyo nashauri umzuie mtu asiwashe feni kuielekea. Mama aliupokea Tanga akanipigia kuuliza nani kachora, nikamwambia mashine, akauliza kama hiyo mashine inaweza kuandika kadi za mwaliko wa harusi ya binamu yangu. Inaweza, na nimeshaanza kumpangia.

Muuzaji nimemwomba vitu viwili tu, tofauti ya bei ya mota na sevo nyingine kwa sababu niliyopewa inatetemeka hata ikiwa imetulia na kalamu inaacha vinukta. Kwanza akataka skrinshoti ya malipo, nikatuma, akataka picha ya mota, nikatuma, akataka video, nikatuma, sasa ni siku ya kumi na saba na alama mbili za bluu zipo. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe wa kuniomba nimpe nyota tano. Nimempa mbili, zote ni za mashine.

Ukiitaka, nunua vipande mwenyewe. Bei nilizoulizia Kariakoo: mota na bodi yake 9,000, zidisha mara mbili, bodi ya Uno 25,000, sevo 8,000, mshipi wa kusuka 6,000, nati 2,000, kipande cha plaiwudi 10,000. Haifiki 70,000 na hakuna mtu wa kumbembeleza WhatsApp. Vigurudumu unaweza kutumia hata vifuniko vya chupa viwili vilivyogundishwa mgongo kwa mgongo, mradi vilingane na upime kipenyo kwa makini.

Mi naendelea nayo, likizo ya Desemba nataka kuchora ukuta wa maabara ya shule, jedwali la elementi, upana wake ni mita tatu. Kama kuna aliyekwisha kuzijaribu hizi mota ndogo kwenye upana huo naomba aniambie zilihimili uzito wa uzi na kibebeo au zilianza kuruka hatua, kabla sijaenda kununua zile kubwa na betri ya kuziendesha.