Mpenda wanga ndani ya mgahawa wa Kiitaliano: ninachoagiza na ninachokagua

Nikiingia mgahawa wa Kiitaliano wa mtaani, nimefuata wanga. Nyama choma na samaki hupikwa vizuri kwenye majiko mengi ya aina nyingine. Ngano, mchele na viazi ndivyo vinavyoonyesha kama mpishi wa Kiitaliano anaijua kazi yake, maana hapo ladha yote inatoka kwenye chumvi, moto na muda.

Sahani yangu ya kwanza kwenye mgahawa mgeni ni cacio e pepe. Ni tambi, jibini la pecorino, pilipili manga na maji yaliyochemshia tambi, basi. Ikiwa sawa, kila uzi umevaa mchuzi mzito wa rangi ya maziwa. Ikiharibika, utakuta mabonge ya jibini yamenata kwenye uma kama ulimbo, na chini ya sahani kuna maji matupu. Kilichotokea ni kwamba jibini limemwagwa kwenye kikaango kilichokuwa bado motoni: protini zake zimeshikana na mafuta yamejitenga. Mpishi mzoefu huliponda kwanza jibini lililokunwa laini pamoja na maji ya tambi yaliyopoa kidogo hadi liwe kama uji mzito, huepua kikaango, husubiri moto upungue, ndipo anapochanganya kwa kurusharusha. Wanga uliobaki kwenye maji yale ndio unaoshikanisha mafuta na maji.

Carbonara, yaani tambi za mayai, pecorino na nyama ya nguruwe, ina mtego huohuo, ila hapa kinachoganda ni yai. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi joto 65 hivi, na ukizidisha joto kidogo tu unapata mayai ya kuvuruga juu ya tambi. Ndiyo maana majiko mengi hutia krimu: krimu haigandi, kwa hiyo mpishi hana wasiwasi. Mimi siiagizi tena mahali kama hapo, kwa sababu krimu inafunika ladha ya kiini, ya pecorino na ya guanciale, ile nyama ya shavu la nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi.

Tambi zenyewe zichunguze kabla ya mchuzi. Kata uzi mmoja kwa meno, utazame katikati: kitone chembamba cheupe maana yake zimetolewa kwa wakati. Kitone kinene na cha ungaunga ni mbichi. Kisipokuwepo kabisa na uzi ukalegea ulimini, zimepita. Majiko mazuri hutoa tambi dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti na kuzimalizia ndani ya mchuzi pamoja na upawa wa maji yake. Kipimo cha kawaida ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Chumvi ikikosekana kwenye maji hakuna wa kuirudisha. Unaweza kunyunyiza mezani mpaka uchoke, ndani ya uzi patabaki pakavu kwa ladha.

Kosa ninalokutana nalo zaidi, hasa saa za wateja wengi, ni tambi zilizochemshwa mapema, zikapakwa mafuta zisishikane, kisha zikapashwa moto. Huhitaji kuingia jikoni kulijua hilo. Sahani ikifika, tambi za juu ziko uchi na zinang'aa, mchuzi wote umeteleza umelala chini, na chakula kimeletwa dakika 4 baada ya kuagiza.

Watu wengi hudhani tambi mbichi za mayai ni bora kuliko zile kavu. Si kweli, ni vitu viwili tofauti. Kavu hutengenezwa kwa ngano ngumu ya durum na maji, na sheria ya Italia ya mwaka 1967 ndiyo iliyoweka hivyo. Ugumu wake ndio unaotupa ule ukinzani wa kutafuna. Mbichi za kaskazini ni unga laini na mayai, kama gramu 100 za unga kwa yai moja, nazo hunyonya mchuzi wa nyama na siagi. Ndiyo sababu ragù ya Bologna, ule mchuzi wa nyama, huliwa na tagliatelle, tambi bapa kama utepe, ambazo upana wake wa milimita 8 zikishaiva uliandikishwa kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo mwaka 1972. Ukiwekea spaghetti mchuzi ule, nyama inaanguka, unabaki unaifukuza na kijiko. Kama mgahawa unatumia tambi kavu, uso wake ukiwa mkavumkavu na wenye mikwaruzo, zimepitishwa kwenye tundu za shaba nyeusi na zitashika mchuzi. Zinazong'aa kama plastiki huteleza.

Kuhusu kiasi, gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kwa mtu ndizo kawaida ya Italia. Mlima wa tambi unatuvutia sisi wapenda wanga, lakini unapoa na kugandana kabla hujafika nusu. Ni heri kuomba nusu sahani za aina mbili, moja baada ya nyingine.

Gnocchi, vidonge vya viazi na unga, ndizo ninazoziogopa na kuzipenda kwa pamoja. Kilo 1 ya viazi inatosha kwa gramu 250 hadi 300 za unga. Viazi vyenye maji mengi, au vilivyochemshwa bila maganda, hudai unga zaidi, na kadiri unga unavyoongezeka na kukandwa ndivyo gnocchi zinavyogeuka mpira. Bonyeza moja kwa uma: nzuri inalegea papo hapo, mbaya inarudi juu.

Risotto, wali wa Kiitaliano wenye rojo, kwa ufupi: inataka dakika 16 hadi 18, kwa hiyo ikifika mapema ilishapikwa nusu. Inamishe sahani. Iliyo sawa inatambaa kama wimbi dogo. Iliyosimama kama kichuguu imekaa muda mrefu baada ya kutiwa siagi baridi na jibini.

Pizza ya Napoli ina kanuni zilizoandikwa na chama chake kilichoanzishwa mwaka 1984: donge la gramu 200 hadi 280, kipenyo kisichozidi sentimita 35, sekunde 60 hadi 90 ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 430. Kwa hiyo katikati kuwa laini na lenye majimaji si kasoro, na kulalamika kwamba kipande kimeinama ni kumwonea mpishi. Kasoro ya kweli iko chini ya mchuzi. Inua kipande, ukitazame ubavuni: mstari mweupe unaonata kati ya mchuzi na mkate ni unga mbichi. Donge liliwekwa likiwa bado baridi, au mchuzi ulikuwa mwingi, au tanuri halikupata moto. Na ile hali ya tumbo kujaa na kiu ya usiku kucha mara nyingi naiona pale ambapo donge limeharakishwa kwa hamira nyingi badala ya kuachwa liumuke saa 8 hadi 24.

Ukibeba pizza nyumbani, acha mfuniko wa boksi wazi kidogo, vinginevyo mvuke unalainisha ukingo wote njiani. Tambi sikushauri kubeba, zinaendelea kuiva kwenye kopo. Lasagne, tambi pana zilizopangwa kwa tabaka na mchuzi, inastahimili, tena ikipoa na kupashwa moto inakatika vizuri zaidi.

Mkate unaoletwa mwanzoni usiumalize. Focaccia, mkate bapa wa mafuta, ikiwa ya kweli, ule mtindo wa Liguria, kaskazini mwa Italia, wa kuimwagia maji ya chumvi na mafuta ya zeituni kabla ya kuoka, mashimo yake juu yatakuwa meupe na yenye unyevu, na chini imekauka vizuri. Weka kipande kimoja pembeni. Tambi zikiisha, kibonyeze kwenye mchuzi uliobaki na uizungushe nacho sahani hadi iwe nyeupe. Waitaliano wana jina lake, scarpetta, yaani kiatu kidogo.