Monstera ya Mabaka Meupe Kutoka Nairobi Hadi Lamu: Uzoefu Wangu

Sikuandika maoni haya siku niliyopokea mzigo, na nadhani hakuna anayepaswa kufanya hivyo kwa mmea wa mabaka. Unaweza kufika unang'aa, ukapigwa picha, ukasifiwa na kila anayepita, kisha baada ya majani mawili matatu ukageuka kijani kitupu, ukabaki na Monstera ile ile, ua la majani makubwa yenye matundu, inayouzwa kando ya barabara. Yangu imeshapita kaskazi na masika hapa Lamu. Majani mapya yanatoka na weupe wake, shina limenenepa, na sasa naweza kusema: muuzaji niliyemnunulia anastahili pesa yake. Nina lalamiko moja tu, nalo ni la jinsi alivyoufunga mzigo.

Ni mama mwenye kitalu nyuma ya nyumba yake huko Nairobi. Anauza kwa WhatsApp, na pesa hupokea kwa M-Pesa mmea ukishachaguliwa. Nilikuwa nataka Monstera deliciosa 'Albo Variegata', ile yenye mabaka meupe pe, si ile ya madoadoa ya rangi ya krimu. Wauzaji niliowauliza kabla yake wote walinitumia picha ya jani. Yeye aliniandikia: "Dada, ngoja nikageuze chungu nikupigie picha ya shina pande zote. Jani halikuambii kitu." Muda si muda zikaja picha kadhaa na video fupi, kidole chake kikifuata mstari mweupe unaopanda shina mpaka ukapita juu ya jicho lenyewe, pale chipukizi jipya linapotokea.

Hapo ndipo nilipoamua. Weupe wa Albo si ugonjwa, wala hauletwi na mbolea. Ni mmea mmoja wenye chembe za aina mbili zinazokua pamoja: zile zinazotengeneza klorofili, yaani ukijani wa jani, na zile zisizoweza kuitengeneza. Jani jipya hufuata rangi ya sehemu ya shina linapochipukia. Jicho likikaa kwenye mistari iliyochanganyika, majani yatachanganyika. Likikaa kwenye kijani kitupu, utapata kijani. Likikaa kwenye weupe mtupu, utapata majani meupe ya kupendeza yasiyoweza kujilisha, na kipandikizi kisicho na kijani chochote hufa. Kwa hiyo jani la kwenye picha, hata liwe zuri namna gani, halikuhakikishii lijalo. Omba picha ya shina. Tena hakikisha kipo kifundo, kile kiungo cha shina chenye jicho: jani na kikonyo chake peke yake huweza kutoa mizizi kwenye maji na kukaa miezi na miezi likiwa zima, lakini halitoi mmea kamwe. Wapo wanaouza majani ya namna hiyo, na bei yao inavutia.

Mdogo wangu aliyeolewa Malindi alikutana na muuzaji wa aina nyingine kabisa. Alilipia filodendroni ya 'Pink Princess', ikamfikia ina majani ya waridi matupu, yote, toka chini hadi juu. 'Pink Princess' ya kweli haiko hivyo. Hiyo huchanganya, jani moja likawa nusu waridi, linalofuata likawa na doa tu, jingine likatoka bila kitu. Aliyouziwa ni 'Pink Congo', ambayo uwaridi wake hutiwa kwa dawa kabla ya kuuzwa. Dawa ikiisha nguvu baada ya miezi kadhaa, mmea hurudi kijani chake cha asili na hakuna matunzo ya kuuzuia. Alipopiga simu kuuliza, haikupokelewa tena. Nilimwona alivyoumia, ndiyo maana naandika kwa urefu hivi.

Bei: nililipa shilingi 7,500 kwa mmea wenye mizizi na majani mawili, nauli mbali. Si pesa ndogo, na ziko nyumba ambazo hiyo ni posho ya wiki kadhaa. Hata hivyo mimea hii imeshuka bei mno tangu wakati wa korona. Mwaka 2021 huko Nyuzilandi, Rhaphidophora tetrasperma ya mabaka, mmea wa jamaa ya Monstera, ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 19,000 za Marekani. Kilichoteremsha bei hasa ni maabara. 'Thai Constellation', ile ya krimu, huzalishwa kwa wingi kutoka kwenye vipande vidogo vya tishu, na madoa yake yameenea mmea mzima, kwa hiyo hayapotei kirahisi. Anayetaka raha ya moyo bila kuchungulia kila jani anunue hiyo. Mimi naupenda weupe wa Albo na niko tayari kuuhangaikia.

Nilimuuliza pia kama mmea mama uliingia nchini kihalali. Alinionyesha kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, bila kunung'unika. Msiogope kuuliza hilo. Kuagiza mmea kutoka ng'ambo bila kibali na cheti cha afya ya mimea ni kuutafutia njia ya kuteketezwa bandarini, na pia ni kuleta wadudu wasiokuwepo huku kwetu, ambako watu wanakula kwa minazi na miembe.

Sasa lalamiko. Mizizi ilifungwa vizuri, kwa kuvumwani (moss) yenye unyevu ndani ya mfuko, na shina likashikizwa kijiti lisiyumbe. Lakini majani alitia plastiki, kisha boksi likazibwa kwa gundi kila upande bila tundu hata moja. Nairobi pengine haidhuru. Safari ya kuja huku ni basi mpaka Mokowe, joto likizidi kadiri unavyoikaribia pwani, kisha boti. Nilimpigia nahodha mapema nikamwambia, "Nahodha, ndani mna maua, usiniwekee juani," naye, Mungu amjaze heri, aliuweka chini ya turubai mbali na rasharasha za bahari. Nilipolifungua boksi lilitoa mvuke. Upande mweupe wa jani kubwa ulikuwa umelainika na kugeuka rangi ya chai, na ulipokauka ukatoboka. Weupe ndio unaoanza kuharibika siku zote, kwa sababu ni sehemu dhaifu ya jani. Nikamtumia picha. Alijibu jioni ile ile: "Pole sana dada yangu. Mzigo wa Lamu nilikuwa sijautuma kabla. Ujao nauli ni juu yangu." Ninalithamini jibu hilo, lakini angefunga kwa karatasi za gazeti na kutoboa boksi, tusingefika huko.

Kuhusu kuutunza nyumbani, nawaambia wenzangu wa hapa kwamba nyumba zetu za kale zilijengwa kwa ajili ya mimea hii bila wenyewe kujua. Naishi Mkomani, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene, na kiwanda katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kwao Monstera, kuanzia kusini mwa Meksiko mpaka Panama, huanza maisha chini ya miti mikubwa na kuparamia kuelekea mwanga. Mmea wa mabaka unahitaji mwanga mwingi kuliko ule wa kijani, kwa sababu nusu ya jani haifanyi kazi, ila hauvumilii jua kali. Kiwanda kinatoa hicho hasa: mwanga unaoteremka kutoka juu na kurudishwa na chokaa ya ukuta. Mwanzoni niliuweka msanani, ukumbi wa ndani, chini ya zidaka za ukutani, ukaonekana umependeza sana pale, lakini ni giza, jani likatoka dogo bila tundu, nikauhamishia ukingoni mwa kiwanda.

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Lamu iko karibu sana na ikweta, na katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita utosini, likaingia kiwandani wima mpaka sakafuni. Majuma hayo navuta mkeka wa miyaa juu ya kamba, saa sita mpaka saa nane. Jirani yangu hakufanya hivyo na weupe wa mmea wake ukababuka siku moja.

Maji ndiyo mtihani mkubwa zaidi hapa. Maji ya kisima cha nyumbani yana chumvi. Ya mfereji hutoka visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga, nayo ni bora, ila kiangazi kikirefuka nayaonja tofauti. Chumvi ikijikusanya kwenye udongo, ncha za majani hukauka, na kama nilivyosema, weupe hutangulia. Mimi hukinga maji ya mvua ya masika kwenye mapipa na birika la zamani la nyumba, lile lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na maji hayo ni ya Albo peke yake. Yakikaribia kwisha nachanganya na ya mfereji. Namwagilia mpaka yatoke chini ya chungu, kisha siongezi mpaka nichomeke kidole na kukuta pakavu kufikia kiungo cha pili.

Mchanganyiko wa udongo sikuununua. Muuzaji anauza mfuko wake tayari, na wa Nairobi watamshukuru, lakini kusafirisha makumbi ya nazi kuyaleta Lamu ni kupoteza pesa. Nachukua makumbi makavu ya jikoni, nayakatakata saizi ya ukucha, nayaloweka na kumwaga maji mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu kumbi lina chumvi zake. Msichukue yale yaliyozikwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba, hayo yameshiba maji ya bahari. Nachanganya na mkaa uliopondwa, vijiwe vyepesi vya volkano alivyonitumia yeye, na samadi kuukuu ya punda, kidogo tu. Mizizi ya Monstera inataka hewa. Udongo mzito unaiozesha.

Kaskazi inapovuma ndipo matunzo yanapoongezeka. Unyevu wa hewa sisi tunao, hatuna haja ya mashine za kutoa ukungu wanazonunua watu wa bara. Lakini upepo ule hukausha na hubeba chumvi, kwa hiyo kila baada ya siku chache nayafuta majani pande zote mbili kwa kitambaa kilicholowa maji ya mvua. Nikifuta hivyo ndipo nilipogundua utitiri mwekundu mgongoni mwa jani, vumbi dogo linalotembea, na utando mwembamba kwenye pembe ya kikonyo. Nilichemsha majani ya mwarubaini, nikatia sabuni kidogo ya kipande, nikapulizia jioni jua likishazama. Ilibidi nirudie, ila umeondoka.

Na hapa huduma ya muuzaji ilinigusa. Katikati ya kaskazi lilitoka jani jeupe lote. Lilijikunjua taratibu asubuhi ile, laini, mshipa wa kati ukiwa na uzi mmoja wa kijani ambao ulikatika kabla ya kufika ncha. Nyumba nzima ilikuja kulitazama. Nilipomtumia picha alinirudishia ujumbe wa sauti mrefu, wakati mauzo yalishapita zamani: nisilikate sasa, nitazame lijalo, likija jeupe tena, nikate shina kurudi nyuma mpaka juu ya kifundo chenye rangi zote mbili, jicho la pale lichipuke. Akaniambia vivyo hivyo kwa kijani kitupu, kwamba tawi la kijani lina nguvu na likiachwa litaumeza mmea. Lililofuata lilikuja nusu kwa nusu, hata kisu sikukihitaji. Wauzaji wangapi hupokea swali miezi baada ya kulipwa?

Wenye paka, na Lamu nani hana, uwekeni mmea juu. Utomvu wa Monstera na filodendroni una fuwele za oksaleti zinazowasha mdomo na koo, kwa paka na kwa mtoto pia. Wangu uko juu ya kigoda kirefu, na umeegemezwa kwenye nguzo ya mnazi iliyofungwa usumba, mizizi ya hewani imeshaanza kuishika.

Nampa nyota nne kati ya tano. Anayeishi Nairobi aongeze ya tano. Kwa wa Lamu, Kiunga na Faza, mwambieni kabla ya kulipa kwamba mnataka karatasi badala ya plastiki, boksi lenye matundu pande mbili, na basi la usiku. Agizo langu lijalo ni Zamioculcas ya mabaka. Inanisikitisha kidogo kwamba tunauziwa kama mmea wa kigeni ilhali ile ya kijani huota yenyewe kwenye misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, na ni vitalu vya Uholanzi vilivyoupeleka duniani. Nimeshamwomba picha ya mashina yake ya chini ya udongo, yale yaliyo kama viazi, maana hapo ndipo unapochipukia, na tumekubaliana autume wakati wa kusi, Julai, joto likiwa limepungua.