Seti ya superkondakta kwa maabara ya shule: inafaa, ila msiamini kijitabu chake

Superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Seti hizi za kukionyesha huagizwa nje na nyingi zinafanana: kidonge cheusi cha YBCO (itriamu, bariamu, shaba na oksijeni) chenye kipenyo cha milimita 25 hivi, kisumaku cha neodimiamu na kibano cha plastiki. Za bei ya juu huongeza kidonge chenye nyaya nne na thamokapo (waya wa kupimia joto). Kwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita hapa Dodoma tunashauri hiyo ya juu. Isiyo na nyaya huonyesha nusu tu ya habari.

Shughuli yenyewe iko kwenye naitrojeni kimiminika, ndiyo ya kupozea kidonge. Wahimilishaji wa ng'ombe huitumia kuhifadhi mbegu, kwa hiyo ongeeni nao mapema, lakini msichote kwenye mtungi wenye mbegu: kina kikishuka, mbegu zinaharibika. Kamwe msikaze kifuniko. Lita moja ikichemka yote hutoa karibu lita 700 za gesi, chupa hupasuka, na ndani ya gari lililofungwa vioo gesi hiyo huisukuma nje hewa ya kupumua.

Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hivyo naitrojeni huchemkia karibu 76 K (kelvini 76, yaani nyuzi 197 za Selsiasi chini ya sifuri) badala ya 77. YBCO hupoteza ukinzani kwenye 92 K hivi, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Nafasi hiyo ndiyo iliyokosekana kwa miaka mingi. Heike Kamerlingh Onnes alipoona ukinzani wa zebaki ukitoweka huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, ilikuwa kwenye 4.2 K, na alihitaji heliamu kimiminika, ambayo maabara yake iliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1908. Wanafizikia Bednorz na Müller walifungua njia ya superkondakta za oksidi za shaba mwaka 1986. Mwaka uliofuata kundi la Wu na Chu likavuka kiwango cha kuchemka cha naitrojeni kwa YBCO.

Kijitabu kinakosea hapa: kinadai sumaku huelea kwa sababu tu ukinzani ni sifuri. Sivyo. Kipitishi kisicho na ukinzani, kikipozwa sumaku ikiwa tayari juu yake, kingeubakiza uga wa sumaku ndani yake. Meissner na Ochsenfeld walionyesha mwaka 1933 kwamba superkondakta huusukuma nje. Tena YBCO haiusukumi wote. Sehemu ya uga hunaswa kwenye kasoro za kidonge, ndiyo maana sumaku hutulia mahali pamoja hata ukiisukuma kidogo. Fanyeni majaribio mawili: pozeni kwanza ndipo muweke sumaku, kisha pasheni moto na kurudia sumaku ikiwa juu tangu mwanzo. Ikiinuka yenyewe, huo ni mchango wa 1933. Kidonge kikinasa uga kwa nguvu, huinuka kidogo mno, na wanafunzi wataona jaribio limefeli.

Nyaya nne zina sababu: mbili hupitisha mkondo, mbili hupima volteji, ili ukinzani wa viungio usiingie kwenye hesabu. Kwa miliampia 100 volteji huwa ndogo sana, na multimita ya bei rahisi haiioni. Tafuteni yenye kuonyesha mikrovolti. Geuzeni mwelekeo wa mkondo, chukueni wastani wa ukubwa wa vipimo viwili, maana tofauti ya joto kwenye viungio huzaa volteji yake. Pozeni polepole kwa kushusha kidonge juu ya mvuke; ukikitumbukiza ghafla kinaweza kupasuka.

Ukavu wa kiangazi cha Dodoma hupunguza barafu inayoganda juu ya kidonge, lakini maji yoyote huila YBCO na kuacha unga mweupe. Kikaushe kwa hewa ya uvuguvugu, kisha kitiwe kwenye kopo lenye silika jeli. Nyota nne kati ya tano. Moja tumeikata kwa ajili ya kijitabu.