Kubadilisha paspoti ya Kimarekani ya mtoto ukiwa Pemba: uzoefu wangu

Binti yetu alizaliwa Ohio, na tangu turudi nyumbani anasoma skuli hapa Wete. Baba yake bado yuko kazini Marekani. Paspoti yake ya Kimarekani ilikuwa inakaribia kumaliza muda, maana ya mtoto aliye chini ya miaka 16 hudumu miaka 5 tu, si 10 kama ya mtu mzima. Wanawake wenye hali kama yangu ni wengi kisiwani, mume ng'ambo na watoto nyumbani, na nimeandika haya kwa ajili yao.

Huduma yenyewe pale ubalozini Dar es Salaam niliipenda. Shughuli kubwa iko kabla hujafika, na kubwa kuliko zote ni ridhaa ya baba.

Paspoti ya mtoto haibadilishwi kwa kutuma ya zamani na kungoja mpya. Kila ikimaliza muda ni maombi mapya, kwa fomu ya DS-11, mtoto mwenyewe afike, na wazazi wake wote wawili wafike naye. Mzazi asiyeweza kufika hujaza fomu nyingine, DS-3053, akaisaini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuthibitisha saini, kisha akaambatanisha kivuli cha kitambulisho chake, mbele na nyuma. Kitambulisho hicho kiwe kilekile alichokionesha wakati wa kusaini. Mume wangu alifanyiwa hayo benki, kwani kule benki nyingi zina mtu wa kazi hiyo.

Hapa ndipo pa kuangalia sana: ridhaa hiyo inafaa kwa miezi mitatu tu tangu isainiwe. Akisaini mapema mno, na nyinyi miadi mkaipata mbali, imekwisha kazi. Sisi tulipanga miadi kwanza mtandaoni, ndipo yeye akasaini, na karatasi yenyewe ikaja mkononi kwa jamaa aliyekuwa anakuja likizo Chake Chake. Tiketi ya boti sikuigusa mpaka nilipoishika karatasi ile.

Dada zangu mlioachana na waume, msikate tamaa. Mwenye hukumu ya mahakama inayompa malezi peke yake aende nayo, na aliyefiwa na mume aende na cheti cha kifo. Ambaye baba wa mtoto hajulikani alipo, iko fomu ya DS-5525 ya kueleza hali hiyo. Eleza kila ulichofanya kumtafuta, na utie ushahidi.

Picha nayo ilitushughulisha. Studio zetu zimezoea picha ndogo zenye rangi ya bluu nyuma, na hii inatakiwa mraba wa inchi 2 kwa 2, nyuma peupe, bila miwani. Kijana wa studio aliangika shuka jeupe ukutani, lakini kila akipiga, kivuli cha mtoto kinaonekana juu ya shuka. Mwishowe akamsogeza mbele, mbali na ukuta, akafungua na dirisha, ikatoka safi. Na mtandio hakuuvua. Wanaruhusu vazi la kichwa la dini ilimradi uso wote uonekane, na unaandika maelezo uliyoyasaini kwamba huvaliwa kila siku kwa sababu ya dini. Nilimvalisha wa rangi ya zambarau usipotelee kwenye weupe wa nyuma. Wasichana wetu wana haki hii, msikubali mtu wa studio akawaambia wavue.

Nilichukua pia cheti chake cha kuzaliwa cha Ohio chenye mhuri, pamoja na kivuli, paspoti yake ya zamani, kitambulisho changu, na picha zake chache za miaka ya katikati. Mtoto aliyepigwa picha ana miaka minne sasa ana tisa, uso umebadilika, na picha zile humsaidia ofisa kuona kuwa ni yuleyule.

Safari ni boti kutoka Mkoani hadi Unguja, ukalala, kisha boti ya Dar. Kwa mwenye watoto wadogo ni uchovu na ni gharama, ilhali zamani Marekani ilikuwa na konsula, yaani mwakilishi wake, Unguja kwenyewe tangu mwaka 1837. Natamani sana maofisa wawe wanavuka kuja kwetu hata mara moja moja.

Simu tuliiacha kwa mwenyeji wetu, tukaenda Msasani, uliko ubalozi, na bajaji. DS-11 nilikwenda nayo imejazwa lakini haijasainiwa, kwa sababu husainiwa palepale mbele ya ofisa, baada ya kuinua mkono wa kulia na kuapa kwamba uliyoyaandika ni kweli. Ofisa alimsemesha mtoto kwanza, kwa upole, na hilo lilinifurahisha. Nililipa dola 135, yaani 100 za paspoti na 35 za kupokelewa maombi. Paspoti huchapishwa Marekani, kwa hiyo ni suala la wiki, si siku. Ilipofika tuliifuata pamoja na ile ya zamani iliyotobolewa.

Bibi yake aliniuliza, "Mwanangu, kwani hii ya Tanzania aliyonayo haimtoshi?" Ni swali la haki, na wengi huuliza. Sheria yetu ya uraia inamwachia mtoto uraia wa pande mbili mpaka afike miaka 18, kwa hiyo anazo zote mbili kihalali. Lakini sheria ya Marekani inataka raia wake, hata mtoto mchanga, aingie na kutoka kwa paspoti ya Marekani. Akienda kumuona baba yake na ya Tanzania pekee, uwanjani ataulizwa viza.

Mwenye mtoto wa miaka 15 asiye na safari ya karibu, bora angoje atimize 16. Atalipa dola 165, na atapata ya miaka 10.