Singo ya soul niliyouziwa kama orijino

Nampa nyota 2 huyu muuzaji. Tangazo lilisema singo (santuri ndogo) ya muziki wa soul ya miaka ya 1960, toleo la kwanza la Marekani, nikalipa fasta, ilipofika nikaiinamisha kwenye taa niangalie ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo, roho ikaniuma kweli. Namba za utambulisho wa santuri zilizopo hapo zimekwaruzwa kwa mkono (orijino nyingi ziko hivyo pia, sawa) lakini orijino ya hii ina muhuri wa Bell Sound (studio ya New York) uliogongwa, hapa haupo! Na maandishi ya lebo yamevimba kama fotokopi. Feki za hivi zilimwagwa sana miaka ya 1970 kwa mashabiki wa Northern Soul Uingereza (wapenzi wa soul ya Marekani ya kudansia). Hela karudisha bila ubishi, ila picha ya zile namba alitakiwa aiweke tangu mwanzo.