TAHADHARI: Seti ya sola ya friji ya gari inayouzwa Arusha ni feki kuanzia betri hadi waya

Madereva wa safari, wenye kampuni ndogo, na nyie mnaopenda kwenda kambini na familia, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anauza kwa WhatsApp seti ya sola ya friji za gari: paneli "wati 200", betri ya jeli "100Ah" (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba), kontrola ya kusimamia chaji ya betri iliyoandikwa "MPPT", na waya zake. Picha zake ni safi, mzigo anakuletea hadi stendi, ila anataka pesa yote kwanza.

Dereva mwenzetu alinunua. Usiku wa kwanza tu Seronera, ndani ya Serengeti, friji ilizima kabla hakujapambazuka, na nyama ya wageni ikaharibika. Mpishi alibaki na mchele na kabichi, na bosi akataka kumkata mpishi mshahara. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana yeye hana kosa.

Tuliichunguza seti hiyo kipande kwa kipande. Betri tuliipandisha kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 14 na nusu. Betri ya jeli ya 100Ah ya kweli haipungui kilo 25, na nyingi zinakaribia 30, kwa sababu chaji inakaa kwenye risasi na risasi ni nzito. Tukabandua stika kwa ukucha pale kwenye kona, chini yake kuna stika nyingine: 45Ah. Akibanwa, muuzaji anasema ni lithiamu ndiyo maana nyepesi. Betri ya lithiamu ya aina hiyo huandikwa volti 12.8. Hii imeandikwa 12, na neno jeli liko palepale.

Pigeni hesabu wenyewe. Friji ya kompresa ya lita 40 hivi hula ampea 4 hadi 5 kompresa ikiwa inazunguka, na kwa joto la mbugani inaweza kuzunguka karibu nusu ya siku. Hapo unahitaji kama 50Ah kwa saa 24. Betri ya jeli, ukitaka idumu, usiitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo hiyo 45Ah inakupa 22 tu, tena ikiwa imejaa kweli. Na itajaaje kwa paneli ile? Ina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 50. Jua kali la mchana hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli za madukani hazivuki robo ya hiyo. Nusu mita ya mraba haiwezi kutoa wati 200 hata iwe imetengenezwa wapi. Futi kamba inatosha kumuumbua.

Kontrola tuliifungua, haina koili ndani, na MPPT ya kweli lazima iwe nayo. Ni PWM ya kawaida, aina ya bei nafuu, iliyobandikwa jina la MPPT.

Waya ndizo zinazonitisha. Kwangua kwa kisu: juu shaba, ndani nyeupe, yaani aluminiamu iliyovikwa shaba juu tu, tena nyembamba. Friji ikiwaka, betri ilisoma volti 12.4, kwenye soketi ya friji 11.1. Friji inajizima kujilinda wakati betri bado ina chaji, na waya huku inapata moto chini ya zulia la gari lenye watu.

Usilipe kabla hujapima na kukwangua mwenyewe, na dai risiti ya mashine ya kodi, EFD. Aliyekataa kupimiwa bidhaa yake, achana naye. Uliyekwisha kulipa, hifadhi meseji na uthibitisho wa muamala, usitupe boksi wala stika, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Namba aliyomuuzia mwenzetu haipatikani tena, lakini picha zilezile nimeziona juzi zikiwa na jina jingine, na bei imeshushwa.